Faini za mpira: kosa moja, bei nyingi

Tarehe 7 Februari 2024, kule Abidjan, kabla ya nusu fainali ya Kombe la Afrika kati ya Kongo na Côte d'Ivoire, wachezaji wa Léopards walisimama kwa wimbo wa taifa. Kwa mkono mmoja walifunika mdomo. Kwa mkono mwingine walielekeza vidole viwili kichwani, mfano wa bunduki. Ishara hiyo haikuhitaji mfasiri: watu wanauawa mashariki mwa Kongo, na dunia imenyamaza. Wiki ileile vita vilikuwa vimekaribia Sake, na familia zilikuwa njiani kuelekea Goma zikiwa na magodoro kichwani na watoto mgongoni. Kwa waliokuwa kambini Bulengo, Lushagala au Kanyaruchinya, ishara ile ilikuwa inawataja wao.

Léopards walifungwa 1-0, goli la Sébastien Haller, na safari ya fainali ikaishia hapo. Lakini baada ya mchezo hakuna mchezaji aliyetangazwa kulipishwa faini kwa ajili ya ishara ile. Shirikisho la mpira la Afrika, CAF, lilipita kimya. Watu walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi. Hata hivyo kuna swali ambalo halikuulizwa wakati wa furaha: wachezaji wale waliachwa kwa sababu sheria inawaruhusu, au kwa sababu siku ile hakuna mkubwa aliyetaka kuwagusa?

Mambo hayo mawili hayafanani. Kama ni sheria, basi kesho pia wataachwa. Kama ni mapenzi ya mkubwa, kesho mkubwa anaweza kubadilika, na kijana mwingine atalipa kwa ajili ya ishara ileile.

Kwanza, sheria yenyewe inasema nini? Kanuni ya 4 ya mpira, ile inayohusu vifaa vya mchezaji, inakataza maneno au picha za siasa, za dini au za mtu binafsi kwenye mavazi. Pia kitabu cha nidhamu cha FIFA kinakataza kutumia mchezo kwa maandamano yasiyo ya kimichezo. Kwa kusoma tu, mtu angesema mlango umefungwa kabisa. Lakini kwa kuangalia namna sheria hiyo inavyotumika, mlango huo unafunguka kwa wengine na kuwafungia wengine.

Mfano wa kwanza ni wa Kombe la Dunia la 2018, Urusi. Uswisi iliifunga Serbia 2-1, na magoli ya Uswisi yalitoka kwa Granit Xhaka na Xherdan Shaqiri. Wote wawili wana asili ya Kosovo. Shaqiri alizaliwa kule, na wazazi wake walimpeleka Uswisi akiwa bado mtoto mdogo. Baba yake Xhaka alifungwa gerezani zamani za Yugoslavia kwa sababu ya siasa. Walipofunga, vijana hao walikutanisha mikono yao mfano wa tai mwenye vichwa viwili, alama ya Waalbania. FIFA iliwalipisha kila mmoja franka 10,000 za Uswisi. Kapiteni wao Stephan Lichtsteiner, aliyefanya ishara hiyo pamoja nao, alilipa 5,000. Ni watoto wa familia zilizohama makwao, walikumbuka walikotoka, na kumbukumbu hiyo ikapewa bei.

Katika kombe hilohilo, beki wa Kroatia Domagoj Vida alionekana kwenye video akisema maneno ya kuisifu Ukraine, baada ya kuwatoa Warusi nyumbani kwao. Pamoja naye alikuwemo Ognjen Vukojević, aliyekuwa mfanyakazi wa timu. FIFA ilimpa Vida onyo tu. Vukojević alilipishwa franka 15,000, na shirikisho lake mwenyewe likamtoa katika ujumbe wa timu. Mchezaji ambaye timu ilimhitaji uwanjani alibaki, yule mwingine akabeba mzigo.

Miaka miwili baadaye, mwishoni mwa mwezi wa tano 2020, vijana wa ligi ya Ujerumani kama Jadon Sancho, Achraf Hakimi, Marcus Thuram na Weston McKennie walionyesha huzuni yao juu ya kifo cha George Floyd, Mmarekani mweusi aliyeuawa na polisi. Sancho na Hakimi walikuwa na maandishi ndani ya jezi. Sancho alipewa kadi ya njano, lakini shirikisho la Ujerumani halikuwaadhibu zaidi. FIFA yenyewe iliomba watu watumie akili ya kawaida, na rais wake Gianni Infantino akasema vijana hao wanastahili kupigiwa makofi, si kuadhibiwa. Alisema vizuri. Lakini makofi hayo yalikuwa wapi mwaka wa 2009, wakati Frédéric Kanouté wa Mali, aliyekuwa anachezea Sevilla, alipoinua jezi yake kuonyesha jina la Palestina wakati wa vita vya Gaza? Shirikisho la Hispania lilimlipisha faini ya euro 3,000.

Katika Hispania hiyohiyo, mwezi wa 11 wa 2020, Lionel Messi alivua jezi yake na kuonyesha jezi ya Newell's Old Boys, kumkumbuka Diego Maradona aliyekuwa amekufa siku chache kabla. Alipewa kadi ya njano na faini ya euro 600. Kwa mshahara wa Messi wakati ule, hizo zilikuwa kama chenji iliyosahaulika mfukoni. Mtu atasema Maradona si siasa na Palestina ni siasa. Sawa. Lakini basi George Floyd ni nini? Na vidole kwenye kichwa cha mchezaji wa Kongo ni nini: siasa, au matanga? Nani anaamua, na anaamua kwa kutumia karatasi gani?

Ukitoka kwenye ishara na kuingia kwenye makosa mengine, hesabu inazidi kuchanganya. Kwenye Euro 2012, Nicklas Bendtner wa Denmark alifunga goli dhidi ya Ureno, akashusha kaptura kidogo na kuonyesha chupi yenye jina la kampuni ya kamari. UEFA ilimlipisha euro 100,000 na kumfungia mchezo mmoja. Katika mashindano hayohayo, mashabiki wa Kroatia walimtukana Mario Balotelli kwa sababu ya ngozi yake. Shirikisho la Kroatia, lenye mifuko mikubwa kuliko mtu mmoja, lililipa euro 80,000. Mwaka huohuo, FC Porto ililipa euro 20,000 kwa mashabiki waliomtukana Balotelli huyohuyo, wakati Manchester City ilikatwa euro 30,000 kwa kuchelewa kurudi uwanjani kipindi cha pili. Kwa hesabu hiyo, chupi ilikuwa ghali kuliko utu wa mtu mweusi, na hata kuchelewa kidogo kulikuwa ghali kuliko utu huo.

Uingereza nayo ina mfano unaofaa kukumbukwa, kwa sababu mambo yote mawili yalitokea katika mwezi mmoja, Oktoba 2011. Luis Suárez wa Liverpool alishitakiwa kumtukana Patrice Evra kwa rangi yake. Wiki moja baadaye, John Terry wa Chelsea akashitakiwa kumtukana Anton Ferdinand kwa njia hiyohiyo. Suárez alifungiwa michezo 8 na kulipa pauni 40,000. Terry alifungiwa michezo 4 na kulipa pauni 220,000. Mmoja alipata adhabu ndefu yenye bei ndogo, mwingine fupi yenye bei kubwa. Halafu mwenzake Terry, Ashley Cole, aliyekuwa shahidi katika kesi hiyo, aliandika kwenye Twitter tusi dhidi ya shirikisho lenyewe. Alilipishwa pauni 90,000. Kwa maneno mengine, kuwatukana wakubwa wa shirikisho kulilipiwa mara mbili na zaidi ya pesa aliyotoa Suárez kwa kumtukana mtu mweusi.

Ni haki kusikiliza upande wa pili pia. Walioamua kesi hizo walikuwa na sababu zao. Kwa Suárez, tume ilikubali kwamba neno lile lilirudiwa mara nyingi. Kwa Terry, lilisemwa mara moja. Mishahara pia haikuwa sawa. Na kweli hakuna kesi mbili zinazofanana kama mapacha. Hakimu asiyeruhusiwa kupima mazingira atakuwa mashine, na mashine haijui tofauti kati ya mtoto aliyeiba muhogo kwa njaa na mtu mzima aliyeiba gunia kuuza. Kuna pia wanaosema mpira uachwe uwe mpira, kwa sababu kila ishara ikiruhusiwa, kesho uwanja utajaa ishara za wenye chuki, na watu watapigana kwenye majukwaa. Hofu hiyo si ya bure. Watu wa mashariki mwa Kongo wanajua vizuri kuliko wengi jinsi neno moja la chuki linavyoweza kuchoma kijiji.

Lakini hoja hizo zinaunga mkono sheria iliyo wazi. Haziungi mkono bahati nasibu. Kupima mazingira ni kazi ya hakimu, ila mizani lazima ijulikane kabla ya mtu kupandishwa juu yake. Kitabu cha nidhamu cha FIFA cha 2019 kilisema faini isipungue franka 100 za Uswisi na isizidi milioni moja. Kati ya mia na milioni mtu anaweza kujenga nyumba au kununua viatu tu. Nafasi kubwa namna hiyo, bila maelezo ya kutosha kwa wananchi, ndiyo inayozaa minong'ono kwamba mkubwa anatazamwa sura kwanza, kosa baadaye.

Waliokimbia vita huku Kivu wanaijua sheria ya aina hiyo bila kufundishwa na mtu. Ni sheria ya barieri. Unafika kwenye kamba iliyovutwa katikati ya barabara. Leo mwenye kinga anaambiwa atoe bei fulani, kesho bei imepanda. Mwenye mjomba mwenye cheo anapita akipunga mkono. Mama mwenye ndoo ya maharagwe anabaki anabembeleza. Hakuna anayekataa kwamba barabara inahitaji ulinzi. Kinachoumiza ni kwamba bei haijaandikwa popote, na risiti haipo. Mtu akilipa hivyo kwa miaka, haamini tena kwamba sheria ipo. Anaamini kuna watu tu.

Mpira ukifuata njia ya barieri, mwenye kuumia si Messi wala Bendtner. Ile kampuni ya kamari ilitangaza mara moja kwamba itamlipia Bendtner faini yake; kwake tangazo liligeuka kuwa la bei nafuu. Mwenye kuumia ni kijana asiyejulikana, mwenye mkataba mfupi katika klabu ndogo ya Ulaya au katika ligi ya nchi jirani, ambaye mama yake amelala chini ya hema. Kijana huyo akitaka kufunga kitambaa cheusi au kufunika mdomo wake kwa dakika moja, hajui kama atapigiwa makofi kama Sancho, atakatwa kama Kanouté, au atapewa onyo kama Vida. Kwa kuwa hajui, atanyamaza. Na akinyamaza yeye, wale waliokuwa wanamtegemea awe sauti yao wananyamazishwa pamoja naye. Hiyo ndiyo hasara kubwa ya faini zisizo na mpango: zinawafunga midomo hata wale ambao hazijawafikia.

Ndiyo maana ukimya wa CAF juu ya ishara ya Abidjan, ingawa ulifurahisha, haupaswi kuwaridhisha Wakongomani. Ukimya si ruhusa. Mwezi mmoja kabla ya hapo haujapita, CAF hiyohiyo ilionyesha inavyoweza kwenda haraka. Baada ya mchezo wa Morocco na Kongo kule San-Pédro, uliomalizika 1-1 tarehe 21 Januari, kulikuwa na mabishano kati ya kocha Walid Regragui na kapiteni Chancel Mbemba. Regragui alifungiwa michezo minne, miwili ikiwa ya masharti. Siku chache baadaye kamati ya rufaa ilifuta adhabu hiyo, naye akarudi kwenye benchi kabla ya mchezo wa Afrika Kusini. Huenda rufaa ilikuwa na haki. Lakini wapenzi wa mpira wengi walibaki wanajiuliza ni kitu gani kilichobadilika kati ya uamuzi wa kwanza na wa pili. Rufaa nzuri ni ile inayowaacha hata walioshindwa wakielewa.

Kuna mfano unaoonyesha kwamba sheria inaweza kunyooshwa watu wakisimama imara. Mwaka wa 2016, FIFA ililipisha faini mashirikisho ya Uingereza na Scotland kwa sababu wachezaji walivaa ua jekundu la kuwakumbuka askari waliokufa vitani. Mashirikisho hayo hayakuishia kulalamika kwenye baa. Yalipeleka shauri lao mezani, yakabishana kwa barua na kwa mikutano. Mwaka wa 2017 masharti yalibadilishwa, na ua lile likapata njia ya kuvaliwa kwa utaratibu. Kama wafu wa nchi moja wanaweza kukumbukwa kwa utaratibu ulioandikwa, wafu wa Beni, wa Ituri, wa Rutshuru na wa Masisi nao wanaweza. Hakuna kaburi lenye cheo kuliko lingine.

Kazi ya kwanza basi ni ya FECOFA, shirikisho la Kongo. Iandike kwa CAF na kwa FIFA, iombe jibu la wazi: ishara ya maombolezo kwa raia waliouawa inaruhusiwa au hairuhusiwi, kwa utaratibu gani, na nani anaombwa kibali. Iombe hivyo sasa, wakati hakuna mchezaji anayeshitakiwa, kwa sababu mvua ikishaanza ni vigumu kutengeneza paa. Na ikubali pia kwamba jibu hilo litawahusu wengine. Mkongomani anayetaka wachezaji wake waruhusiwe kuwalilia wafu wao hawezi kupiga makofi wakati Mmali au Mkosovo anapokatwa pesa kwa ajili ya kuwalilia wake.

Kazi ya pili ni ya hesabu. Faini ya kiasi kimoja kwa watu wenye mishahara tofauti ni adhabu kwa maskini na utani kwa tajiri. Ni afadhali faini zipimwe kwa siku au wiki za mshahara. Klabu nyingi za Ulaya tayari zinafanya hivyo ndani ya nyumba zao. Mwaka wa 2022, Kurt Zouma alipoonekana kwenye video akimpiga paka wake, West Ham ilimkata mshahara wa wiki mbili, pauni 250,000, na ikatangaza kwamba pesa hizo zinaenda kwa mashirika yanayolinda wanyama. Watu walilaumu kwamba alipangwa kucheza siku ileile habari hiyo ilipokuwa moto, na lawama hiyo ilikuwa ya haki. Lakini angalau ilijulikana kipimo ni nini na pesa zinaenda wapi. Kama paka walipata haki hiyo, wanaotukanwa kwa ngozi zao hawaombi makubwa wakitaka kujua pesa za faini ya tusi lao zinaishia mfuko gani.

Kazi ya tatu iko karibu zaidi, na haihitaji ndege ya kwenda Zurich. Iko kwenye ekipe za kartye, kwenye ligi za miji, na kwenye ubingwa wa taifa. Sizo haijaanza, orodha ya makosa na amande zake ibandikwe mahali ambapo kila mchezaji anaisoma. Kuchelewa mazoezi ni kiasi gani, kadi nyekundu ni kiasi gani, kumpiga mwamuzi ni kiasi gani. Anayelipa apewe risiti. Mfungaji bora na yule wa benchi walipe kwa orodha moja. Prezida wa ekipe naye, akimtukana mwamuzi mbele ya watoto, awemo kwenye orodha hiyo. Na mchezaji aliyekimbia vita, ambaye viatu vyake vimebaki kijijini na nauli ya kufika mazoezini hana, asikatwe kwa kuchelewa kama yule anayelala karibu na uwanja. Huko ndiko kupima mazingira kwa kweli, na kunaweza kuandikwa pia.

Vijana wengi mashariki mwa Kongo wanaonja sheria kwa mara ya kwanza si mahakamani bali uwanjani, kwa filimbi na kadi. Wakikuta huko kwamba kosa moja lina bei moja, na kwamba mkubwa na mdogo wanasoma karatasi moja, watajua haki inafananaje, na siku moja wataidai barabarani na ofisini pia. Wakikuta barieri nyingine, watajifunza kutafuta mjomba mwenye cheo. Wakubwa wa mpira ndio wanaochagua lipi kati ya hayo mawili litafundishwa, na wanachagua kila wanapoandika faini au kuisahau mezani.